Wasomaji Wanauliza: Mfupa wa Oldupai Umepimwaje?

Barua za safari hii zinahusu visukuku, yaani mifupa na nyayo za kale zilizogeuka jiwe, pamoja na nadharia ya mageuzi inayotegemea ushahidi huo. Walioandika ni waumini, Wakristo kwa Waislamu, na wengi wao wanapinga. Tumechagua zile ambazo mwandishi wake anataka kujua jambo limepimwaje. Nani aliyeumba ni swali lisilopimwa kwa mashine yoyote. Umri wa majivu ya volkano unapimwa, na hapo ndipo tunapoweza kumsaidia msomaji.

Mnatufundisha kwamba binadamu alitokana na nyani. Mbona nyani bado wamejaa Mikumi, na hakuna hata mmoja aliyezaa mtu? – Mwinjilisti, Morogoro

Mwinjilisti, kosa hili limeanzia kwenye neno. Kiswahili cha mitaani kimeweka "nyani" mahali palipotakiwa kusemwa "babu wa pamoja". Nyani wa Mikumi ni mnyama wa leo, kama wewe ulivyo mtu wa leo. Nadharia inasema kwamba binadamu na sokwe, hawa wa Gombe na Mahale, wana babu mmoja aliyeishi miaka milioni kadhaa iliyopita, na makadirio mengi yanaangukia karibu na milioni 6 au 7. Nyani anaungana na ukoo huo mbali zaidi huko nyuma. Mtoto wa baba yako mdogo hakukuzaa, na kuwapo kwake hakuzuii kuwapo kwako. Kinachowaunganisha ni babu yenu, ambaye hayupo tena.

Dai hili linaweza kujaribiwa. Sokwe ana kromosomu, yaani nyuzi za DNA zinazobeba urithi ndani ya seli, 48; binadamu ana 46. Kama babu ni mmoja, basi mahali fulani jozi mbili ziliungana zikawa moja. Kwa kawaida kromosomu ina kifundo kimoja, na kila ncha yake imefungwa kwa mfuatano maalumu wa DNA, mithili ya plastiki inayofunga ncha ya kamba ya kiatu. Kromosomu iliyoungana ingepaswa kuwa na mabaki ya "plastiki" hizo katikati yake, zikiwa zimegeukiana, na alama ya kifundo cha pili kilichokufa. Kromosomu namba 2 ya binadamu inavyo vyote viwili. Mahali penyewe pa kuungana palisomwa na kuchapishwa mwaka 1991. Kama pasingeonekana, nadharia ingekuwa mashakani.

Fuvu la Zinjanthropus, yule wa Oldupai anayeitwa jamaa wa kale wa binadamu, wanalipa umri wa karibu miaka milioni mbili. Kaboni 14 haifiki huko. Tena nimesoma kwamba jiwe la volkano ya Mount St. Helens huko Marekani, lililotoka ardhini mwaka 1986, lilipimwa maabara likapewa miaka 350,000. Wakikosea jiwe la juzi, la kale tutawaamini vipi? – Ustadh, Mombasa

Ustadh, kuhusu kaboni 14 uko sahihi kabisa, na hakuna mtaalamu aliyepima Zinjanthropus kwa njia hiyo. Kaboni 14, aina ya kaboni iliyomo kwenye viumbe hai, hupungua yenyewe: nusu yake hupotea kila baada ya miaka 5,730. Baada ya miaka 50,000 inabaki chini ya robo ya asilimia moja, na zaidi ya hapo kipimo hakina maana. Ndiyo sababu taarifa za "kaboni 14 imepatikana kwenye mfupa wa dinosaria" hazitikisi kitu. Sampuli isiyobakiwa na kaboni 14 hata chembe, ikichafuliwa kwa asilimia 1 tu ya kaboni ya leo kutoka kwenye bakteria, maji ya ardhini au gundi ya kuhifadhia mifupa, itasomeka kama ina miaka 38,000 hivi. Kinachoonekana kwenye mashine hapo ni uchafu.

Fuvu lenyewe Mary Leakey aliliona tarehe 17 Julai 1959 kwenye bonde la Oldupai, likiwa limevunjika vipande mamia. (Jina lake linatokana na Zanj, ndivyo Waarabu wa kale walivyouita mwambao huu wetu.) Lilikuwa chini kidogo ya tabaka la majivu ya volkano. Kinachopimwa ni majivu hayo. Mfupa ulio chini yake hauwezi kuwa mchanga kuliko majivu yaliyoufunika, isipokuwa kama mtu alichimba na kuuzika. Tutalirudia hilo kwenye barua nyingine.

Kazi inakwenda hivi. Mtaalamu anachukua kilo chache za majivu kutoka sehemu ambayo haijaoza kwa maji, akiandika kipimo cha kina na kupiga picha ya tabaka. Maabara wanaponda, wanachekecha, wanaosha kwa asidi ili kuondoa vipande vya kioo cha volkano, kisha wanaokota fuwele za madini ya feldispa moja moja chini ya hadubini. Fuwele hizo zina potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani, 0.0117 kwa mia, ni potasiamu 40, ambayo ni nururishi, yaani hubadilika yenyewe polepole kuwa kitu kingine. Nusu yake hubadilika kila baada ya miaka bilioni 1.25. Katika kila atomi 100 zinazobadilika, 11 hivi huwa agoni 40 na zilizobaki huwa kalisi. Agoni ni gesi isiyoungana na kitu. Jiwe likiwa ujiuji wa moto, inatoroka. Fuwele ikishapoa, inanaswa ndani. Saa inaanza kuhesabu siku ya mlipuko.

Kwa miaka milioni 1.8, ni atomi 1 tu katika kila 1,000 za potasiamu 40 inayokuwa imebadilika, na 1 katika kila 10,000 hivi ndiyo inayokuwa agoni. Kiasi hicho ni kidogo mno, na ndiyo maana kazi inadai uangalifu mkubwa. Katika njia ya sasa fuwele hupelekwa kwenye kinu cha nyuklia pamoja na fuwele nyingine ambazo umri wake unajulikana, ili sehemu ya potasiamu igeuzwe kuwa agoni 39, inayoonyesha potasiamu ilikuwa kiasi gani. Kisha kila fuwele huyeyushwa kwa leza ndani ya chombo kisicho na hewa, na spektromita ya masi, mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake, inahesabu agoni 39 na agoni 40 kwa mara moja. Hewa tunayovuta nayo ina agoni, karibu asilimia 1, lakini hiyo huja na agoni 36, kwa hiyo mchango wa hewa unajulikana na kutolewa kwenye hesabu.

Sasa Mount St. Helens. Mambo mawili yaliharibu kipimo kile. Kwanza, jiwe lilipimwa zima zima, likiwa na fuwele zilizoanza kuganda chini ya ardhi kabla ya mlipuko na zilizokuwa zimeshanasa agoni. Pili, kifaa kilichotumika hakikufaa kwa mawe machanga. Ni kama kupima punje ya mchele kwenye mizani ya kupimia magunia. Lakini hata tukilikubali kosa lile lote, liingize katika hesabu ya Oldupai: agoni ya ziada ya miaka 350,000 ikitolewa kwenye milioni 1.8, inabaki milioni 1.45. Kosa la ukubwa huo haliwezi kugeuza miaka 6,000, ambayo baadhi ya waumini huihesabu kuwa umri wa dunia, kuwa karibu milioni mbili.

Na njia imejaribiwa kwa mlipuko ambao tarehe yake imeandikwa na watu. Volkano ya Vesuvius, Italia, ililipuka mwaka 79 baada ya Kristo. Mwaka 1997 wanasayansi walitangaza kwamba fuwele za majivu yake, kwa njia hii ya agoni mbili, zilitoa miaka 1,925, pungufu au zaidi kwa 94. Umri wa kweli ulikuwa miaka 1,918.

Umri wa kwanza wa Oldupai, uliotangazwa mwaka 1961, ulikuwa milioni 1.75. Vipimo vya sasa vya majivu yaleyale vinasogea kwenye milioni 1.84 hivi. Vifaa vimebadilika sana katika miaka hiyo na jibu limesogea kwa asilimia 5.

Wanapima mfupa kwa tabaka, halafu tabaka wanalipima kwa mfupa. Huo si mduara? – Mzee wa kanisa, Musoma

Ungekuwa mduara kama mpangilio wa matabaka ungetungwa na watu walioamini mageuzi. Haikuwa hivyo. Kanuni kwamba tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu iliandikwa mwaka 1669 na Nicolaus Steno wa Denmark, ambaye baadaye alikuwa askofu Mkatoliki na akatangazwa mwenyeheri mwaka 1988. William Smith, mpimaji wa mifereji Uingereza, alichora ramani ya matabaka ya nchi yake mwaka 1815 kwa sababu aliona kila tabaka lina visukuku vyake, kwa utaratibu uleule, kila alikochimba. Kipindi cha Kambria, kimojawapo cha vipindi vya kale vya matabaka hayo, kilipewa jina na Adam Sedgwick, kasisi wa Kianglikana, ambaye kitabu cha Darwin kuhusu mageuzi kilipotoka mwaka 1859 alikipinga kwa nguvu. Mpangilio ulikuwapo mezani kabla ya nadharia. Miaka kwa hesabu ilikuja karne ya 20, kwa mawe ya volkano, bila kuangalia mfupa wowote.

Biblia inasema gharika ilifunika dunia yote. Kwa nini mifupa hii isiwe ya viumbe waliokufa siku za Nuhu? – Mama, Arusha

Mama, hapo ulipo hauko mbali sana na Laetoli, na Laetoli ndipo swali lako linapojibika vizuri kuliko mahali pengi. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilikuta pale nyayo za zamadamu, yaani jamaa wa kale wa binadamu, waliotembea kwa miguu miwili, mstari wa mita 27 hivi, juu ya majivu yenye umri wa miaka milioni 3.66. Nyayo nyingine, si mbali na zile za kwanza, zilitangazwa mwaka 2016 na timu ya Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Angalia nyayo zile zilivyohifadhika. Majivu yalianguka makavu. Ikanyesha mvua ya rasharasha, na alama za matone yake zimebaki juu ya jiwe hadi leo. Majivu yenye chumvi za kaboneti yakinyeshewa na kupigwa jua hushika kama saruji. Wakapita zamadamu, tembo, sungura, kanga na farasi wa kale wenye vidole vitatu. Yakaanguka majivu mengine yakafunika. Tabaka lile la nyayo, lenye unene wa sentimita 15 hivi, lina vitabaka vingi ndani yake, kila kimoja kikiwa ni vumbi la mlipuko. Katika miamba ya hapohapo kuna vichuguu vya mchwa vilivyogeuka jiwe. Maji yaliyofunika milima hayaachi tone la mvua kwenye jivu, wala mchwa hajengi kichuguu chini ya gharika.

Nenda kusini, Lindi. Kilima cha Tendaguru kilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, kwa mikono ya mamia ya wafanyakazi wa hukuhuku, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Tani zaidi ya 200 za mifupa zilibebwa vichwani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Matabaka yenye dinosaria pale ni matatu, na kati yake kuna matabaka ya mchanga wenye kombe za baharini: nchi kavu, bahari, nchi kavu, bahari, tena na tena. Mamalia waliopatikana ni wadogo, wa kimo cha panya. Katika mzigo wote ule hamna jino la tembo, pembe ya swala wala kidole cha mtu. Gharika moja ingechanganya. Wapo wanaojibu kwamba wanyama wazito walizama kwanza, lakini tembo ni mzito kuliko dinosaria wengi wadogo wa Tendaguru, na yeye hayumo.

Hatusemi haya kukuondoa kwenye Mwanzo sura ya 6 hadi ya 9. Waumini wengi wanaisoma habari ya Nuhu kama hukumu na agano, bila kuidai iwe maelezo ya matabaka ya Tendaguru.

Kwenye chuo chetu tulifundishwa kuhusu Piltdown, fuvu la uongo lililowadanganya wanasayansi miaka 40. Kwa nini tusidhani na mengine ni hivyohivyo? – Mwanafunzi wa chuo cha Biblia, Dodoma

Piltdown ilikuwa ulaghai, na aibu yake ni ya kweli. Mwaka 1912 huko Uingereza lilitangazwa fuvu lenye kichwa cha mtu na taya la sokwe. Mwaka 1953 ilithibitika kwamba fuvu ni la mtu wa karibuni, taya ni la orangutani, meno yamepigwa tupa, na vyote vimepakwa rangi vionekane vya kale. Waliofichua walitumia kipimo cha florini: mfupa ukikaa ardhini hunyonya florini kidogo kidogo kutoka kwenye maji, kwa hiyo mifupa iliyolala pamoja lazima iwe na kiasi kinacholingana. Hii haikulingana na umri iliyopewa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wataalamu wa mifupa ya kale, na moja ya mambo yaliyowasukuma ni kwamba visukuku vilivyokuwa vikipatikana Afrika havikupatana na Piltdown.

Lakini kuna makosa yasiyo ya ulaghai ambayo yana mafunzo zaidi, na mawili ni ya kwetu. Mwaka 1913 Hans Reck, mwanajiolojia wa Kijerumani, alikuta Oldupai mifupa ya mtu mzima, kamili kama mtu wa leo, ndani ya tabaka la kale sana. Angekuwa sahihi, nadharia nzima ingepinduka. Louis Leakey mwenyewe, mtafiti aliyekuja kuwa mume wa Mary, alikubaliana naye mwaka 1931. Halafu udongo uliozunguka mifupa ukachunguzwa, na ndani yake vikaonekana vijiwe vyekundu na chembe za chokaa kutoka matabaka ya juu. Hilo linawezekana kwa njia moja: watu walichimba kaburi kutoka juu, wakamlaza marehemu akiwa amekunjwa, wakamfukia. Kipimo cha kaboni baadaye kilitoa miaka 17,000 hivi. Tangu hapo kila anayechimba huchora kwanza ukuta wa shimo akitafuta kingo za kaburi, au shimo la mhanga na nungu, kabla ya kutamka umri.

La pili ni la Koobi Fora, Turkana. Majivu yanayoitwa KBS yalipewa miaka milioni 2.6, na mwaka 1972 Bernard Ngeneo alipookota fuvu maarufu namba 1470 chini yake, likatangazwa kuwa la kale mno. Walioleta mashaka walikuwa wataalamu wa nguruwe pori wa kale. Nguruwe wa chini ya KBS walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, ambao umri wao ulikuwa milioni 2 tu. Ugomvi ulichukua miaka. Mwishowe ilionekana kwamba sampuli ya kwanza ilikuwa na fuwele za zamani zilizokokotwa na mto zikachanganyika na majivu, na zilipookotwa fuwele safi, jibu lilikuwa karibu milioni 1.9. Ndiyo maana siku hizi hupimwa fuwele moja moja. Ishirini zikikubaliana na mbili zikiwa za kale zaidi, zile mbili zinajulikana kuwa ni wageni.

Sisi huku silikanti tunamvua kwa jarife. Mzungu alisema alikufa zamani za dinosaria, na picha za jiwe ni samaki yuleyule. Mageuzi yake yako wapi? – Mvuvi, Tanga

Ndugu, kwamba alidhaniwa ametoweka ni kweli. Visukuku vya ukoo wake vinakoma miaka milioni 66 iliyopita, kisha Desemba 1938 akavuliwa mzima Afrika Kusini, na tangu mwaka 2003 amekuwa akiingia nyavuni Tanzania, hadi Tanga ikapata hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Samaki wa maji ya kina kirefu, kwenye mapango ya miamba, ni rahisi kukosekana kwenye visukuku, maana miamba ya chini ya bahari ya kina haiinuki mara kwa mara ikaonekana nchi kavu.

Lakini si yuleyule. Aliyemo nyavuni kwako anaitwa Latimeria, na hakuna jiwe la zama za dinosaria lenye Latimeria. Waliomo ni jamaa zake: wengine wa nusu mita, wengine wa mita kadhaa walioishi kwenye maji baridi. Njia ya kumpambanua ni kumpasua. Silikanti wa kale wengi walikuwa na pafu kubwa lililozungukwa na mabamba magumu, na linaonekana kwenye kisukuku. Huyu wako ana kijipafu kilichosinyaa, kimefunikwa mafuta, hakifanyi kazi. Nadharia haidai kila kiumbe kibadilike kwa mwendo mmoja. Panapokuwa na baridi ileile, giza lilelile na maadui wachache, umbo la nje linaweza kukaa.

Na usihukumu kwa picha peke yake. Kuna kitabu kikubwa cha rangi kutoka Uturuki kilichogawiwa bure kwa shule na maktaba za nchi nyingi kuanzia mwaka 2006, kikiweka picha ya kisukuku kando ya kiumbe hai ili kuonyesha kwamba hakuna kilichobadilika. Baadhi ya "wadudu hai" waliomo ni chambo bandia cha kuvulia samaki, ndoana inaonekana. Mvuvi angeiona kwa jicho moja.

Makumbusho wanaandika mageuzi kama ukweli, wakati ni nadharia tu. Na kwa Muislamu au Mkristo, kukubali si kufuru? – Msomaji, Nairobi

Ombi kama lako lilitolewa hapohapo Nairobi. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa yakiwa kwenye ukarabati, Askofu Boniface Adoyo na viongozi wenzake wa makanisa ya kiinjili walitaka mifupa ya zamadamu isiwekwe mbele, na iandikwe kwamba hii ni nadharia. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka 2008 mifupa iliwekwa wazi, akiwamo mvulana wa Turkana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984.

Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema "hiyo ni nadharia" tukimaanisha maneno bila vitendo. Katika sayansi nadharia ni maelezo yanayofunga pamoja mambo mengi yaliyopimwa na kutabiri yasiyopimwa bado. Kwamba vijidudu huleta maradhi nayo ni nadharia, na daktari ananawa mikono kwa sababu yake. Kwenye kabati la makumbusho, tenganisha mambo matatu. Mfupa ni ukweli: mweusi au kahawia kwa madini, na sehemu zilizojaziwa huwa za rangi nyingine. Umri ni kipimo chenye kiasi chake cha kosa. Nywele, rangi ya ngozi na sura ya sanamu ni kisio la msanii, na una haki ya kulitilia shaka. Muulize mwelezaji kama mfupa ni halisi au ni nakala ya plasta.

Kuhusu kufuru, sisi hatutoi fatwa. Tunaweza kusema walipo wakubwa wa dini. Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu mwili wa binadamu uchunguzwe kwa njia hiyo, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu, na Yohane Paulo II mwaka 1996 akasema mageuzi ni zaidi ya dhana. Makanisa mengi ya kiinjili, na Waadventista, yanakataa. Kwa Waislamu, wako wanaokataa kabisa, na wako wanaokubali mabadiliko ya wanyama na mimea lakini wanamtoa Adam, kwa kuwa Qurani imemsimulia kwa namna ya pekee. Wanaotaka mlango uwe wazi hutaja aya ya 14 ya Surat Nuh, inayosema tumeumbwa kwa hatua mbalimbali, ingawa wafasiri wa zamani wengi waliielekeza kwenye hatua za mimba. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliojenga elimu ya mageuzi ya karne ya 20, alikuwa Mkristo wa Orthodoksi.

Nafundisha biolojia kidato cha nne. Nikifika mada hii nusu ya darasa linafunga madaftari. Nifanyeje? – Mwalimu, Kigoma

Mwalimu, usianze na binadamu, na usiulize nani anaamini. Mtihani unamtaka mwanafunzi aeleze nadharia inasema nini na inategemea ushahidi gani. Hauapishi mtu. Waambie hivyo dakika ya kwanza, na waruhusu waandike "kwa mujibu wa nadharia hii".

Kisha wape kazi ya mikono. Kila kundi lipate maharage meupe 100 yaliyopakwa wino upande mmoja, na sanduku la viatu. Tikisa, fungua, ondoa yote yaliyolala wino ukiwa juu, hesabu yaliyobaki, andika. Rudia mara tano. Wapate karibu na 50, 25, 12 au 13, 6, 3. Mchoro wake unaonyesha nusu-maisha, yaani muda wa nusu kuondoka. Vizibo vya soda visitumike: umbo lake linavifanya viangukie upande mmoja zaidi, na inayoondoka kila mara haiwi nusu. Maharage bapa au sarafu ni bora. Makundi yatatofautiana, hasa mwishoni yanapobaki machache, na wanafunzi watadhani wamekosea. Jumlisha makundi matano pamoja, yawe 500, waone mchoro unavyokaribia nusu kwa nusu. Hapo watakuwa wameelewa kwa nini umri huandikwa na "pungufu au zaidi". Halafu ficha daftari la kundi moja, onyesha idadi iliyobaki tu, na uwaulize sanduku lilitikiswa mara ngapi.

Baada ya mvua korongoni kumetokea mfupa wa jiwe, mrefu kama mita moja. Mchungaji wetu anasema ni wa majitu ya kabla ya gharika, na tumetumiwa kwenye simu picha ya fuvu kubwa kuliko mtu. – Mkulima, Songwe

Picha hiyo tunaifahamu. Mwaka 2002 mtu aliitengeneza kwa kompyuta kwa ajili ya shindano la kuchezea picha, akitumia picha halisi ya wachimbaji wa mastodoni, jamaa wa tembo, huko Hyde Park, New York. Fuvu la mtu lilibandikwa juu.

Mfupa wako ni jambo jingine, na unaweza kuwa wa thamani kubwa. Mfupa wa paja la mtu ni karibu robo ya kimo chake, ndiyo sababu mfupa wa mita moja humfanya mtu awaze jitu la mita nne. Paja la tembo hufika urefu huo bila shida. La mtu lina shingo iliyoinama pembeni kwenye kichwa cha nyonga, na nyuma lina ukingo mrefu wa mfupa unaosikika ukipitisha kidole. La tembo limesimama wima kama nguzo. Tena mtu akiongezwa kimo mara mbili, uzito wake huongezeka mara nane na eneo la mkato wa mifupa yake, linalobeba uzito huo, mara nne tu: mtu wa kilo 70 angekuwa na kilo 560 juu ya miguu isiyomtosha.

Usiung'oe. Mfupa ukitolewa mahali pake bila tabaka kuchorwa, umri wake umepotea, na hakuna maabara itakayourudisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo inakataza kuchimba bila kibali. Piga picha tatu: moja ya mbali ionyeshe korongo lote, moja ya ukuta wa udongo kutoka juu hadi chini, moja ya karibu ukiwa umeweka rula au kalamu kando. Chukua alama ya mahali kwa simu. Okota vipande vilivyokwisha kuporomoka tu, vifunge kila kimoja kwenye karatasi, uandike vilikookotwa. Funika kilichobaki kwa mchanga mkavu na weka mawe upande wa juu maji yasipite hapo. Peleka taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya, aifikishe Idara ya Mambo ya Kale, na uwahi kabla mvua haijarudi.